Nyumba Iliyorukwa

Rosina alikuja asubuhi, wakati Ottilia anageuza usipa kwenye kichanja cha kuanikia. Hakusogea karibu. Alisimama pale mchanga unapokutana na majani, kama mtu aliyezoea kufukuzwa.

"Shikamoo, mama katekista."

"Marahaba."

"Kaka yangu anataka kubatizwa. Hafiki keshokutwa. Amesema nikuite wewe."

Ottilia hakuinua uso. Aliendelea kuwageuza wale dagaa wadogo kwa viganja, safu baada ya safu, kwani jua lilikuwa limeshaanza kuuma na wasipogeuzwa huharibika upande mmoja. Alipofika mwisho wa kichanja akarudi mwanzo, ingawa pale alikuwa ameshamaliza.

"Padri atakuja," akasema.

"Daraja limechukuliwa na mvua. Wanasema wiki mbili."

"Basi amngoje."

Rosina alisimama kidogo zaidi, kisha akaondoka bila kuaga. Ottilia alikuwa na simu kwenye mfuko wa gauni, yenye namba ya Padri Alphonce. Hakumpigia.

Kaka yake Rosina aliitwa Kinunda. Hilo ni jina la ukoo, jina jingine hakuwa nalo. Baba yao alikuwa mganga, aliyeshuka zamani kutoka milimani, huko Namswea, akajenga ng'ambo ya kijito kinachopita kusini mwa kijiji, kijiji cha wavuvi kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Lundo. Alikataza watoto wake wasibatizwe. Jina la Rosina lenyewe lilitoka kwa mwalimu, aliyehitaji kitu cha kuandika kwenye rejista. Kinunda hakwenda shule, kwa hiyo hata hilo hakulipata.

Mganga alikufa, lakini desturi ya kuiogopa nyumba yake ilibaki. Kila Kwaresima waumini wa kigango, kanisa dogo lisilo na padri wake, walitoka wawili wawili kwenda nyumba kwa nyumba kuhubiri Habari Njema, na kila Kwaresima waliishia kwenye kijito. Orodha ya nyumba aliiandika Ottilia. Alikuwa katekista kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo nyumba ile haikuwahi kuwa kwenye orodha. Mwanzoni hakuiandika kwa sababu ya uchawi uliosemwa. Baadaye alikuwa na sababu yake.

Sababu hiyo ilikuwa Aidan, mwanawe wa pekee. Miaka kumi na moja iliyopita, Jumapili moja alfajiri, Aidan aliteremka ziwani kuoga, maana siku hiyo alikuwa asome somo la kwanza kanisani. Alikuwa na miaka kumi na minane. Usiku ule nyavu za Hamphrey, mwenyekiti wa kigango, zilikuwa zimeibiwa, na watu walikuwa wametapakaa ufukweni wana hasira. Mwizi alikuwa Kinunda. Nyavu alikuwa ameshazipeleka kwa mtu wa Chiwanda. Alipoona watu wanaelekea upande wake, akanyoosha kidole kwa kijana aliyekuwa anatoka majini, akapiga kelele: "Mwizi! Huyo hapo!"

Walimpiga kwa makafi na mawe. Ottilia alipofika, mwanawe bado alikuwa na povu la sabuni sikioni.

Polisi walipokuja, kijiji kizima kilionyesha mtu mmoja: Kinunda. Nani alishika kafi, nani alirusha jiwe, hakuna aliyeona. Kinunda alifungwa. Wengine walirudi kwenye mabenchi yao ya kanisani, na Jumapili iliyofuata Ottilia akasimama mbele yao akaongoza ibada, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kuanzia hapo waliacha kumwita Mama Aidan. Wakamwita katekista.

Sasa Kinunda alikuwa ametoka gerezani na kansa ya koo. Hospitalini walikuwa wamempa dawa za maumivu wakamwambia arudi nyumbani.

*

Mchana wa siku ileile Hamphrey alikuja kwa Ottilia. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri, ndiye aliyeanzisha nyimbo kila ibada. Alikaa kwenye kigoda, akapokea maji, akayanywa yote.

"Nimesikia yule dada mtu alikuja."

"Alikuja."

"Usiende, katekista."

"Sikusema ninakwenda."

"Najua. Lakini moyo wa mama ni mwepesi. Mtu yule alimtoa mwanao kafara. Akifa, afe alivyo. Na mimi kama mwenyekiti nakuambia, ukivuka kile kijito, halmashauri ya kigango itabidi ikae tuone kama bado unafaa kufundisha watoto wetu."

Ottilia alimtazama. Tangu asubuhi alikuwa ameamua kutokwenda. Hakuwa na haja ya kuombwa, achilia mbali kutishwa. Akajiuliza kwa nini mtu huyu ametembea jua lote hili kumzuia asifanye jambo ambalo hakuna aliyetarajia alifanye.

"Unaogopa nini, mzee Hamphrey?"

"Mimi? Nakuonea huruma wewe."

Alipoondoka, Ottilia alijifunga kitenge, akachukua kitabu chake cha sala, akashika njia ya kusini. Baadaye alimwambia padri ukweli wa safari ile: hakwenda kwa sababu ya upendo. Alikwenda kumwona Kinunda anavyokufa. Alitaka kuliona lile koo.

*

Kinunda alikuwa amelala kwenye mkeka, nguo imefungwa shingoni. Harufu ilikuwa nzito. Alikuwa amekonda kiasi kwamba magoti yake yalionekana makubwa kuliko mapaja. Alipomwona Ottilia alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Mama," akasema. Sauti ilitoka kama kitu kinachoburutwa juu ya changarawe. "Umekuja."

"Mimi si mama yako. Ulifundishwa wapi dini?"

"Gerezani. Kulikuwa na mfungwa mzee, mkristo. Alinifundisha miaka minne. Nilikuwa nibatizwe Pasaka. Wakaniachia wiki moja kabla."

"Na ukashindwa kutafuta kanisa huku nje?"

"Nilikuja kanisani kwenu. Mara mbili. Mlangoni waliniambia nirudi nilikotoka."

Ottilia hakuwa ameambiwa habari hiyo. Alikaa kwenye kigoda alichosogezewa na Rosina, akafungua kitabu, akaanza kumhoji kama anavyowahoji wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, ila kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa mtu yeyote. Alimtaka aseme Kanuni ya Imani. Kinunda aliisema kwa vipande, akisimama kila mstari kumeza mate, na kila alipomeza machozi yalimtoka kwa maumivu. Alipokosea neno moja, Ottilia alimrudisha mwanzo.

"Mama katekista, jamani," Rosina akasema kutoka mlangoni.

"Anataka ubatizo au hataki?"

"Nataka," Kinunda akasema. Akaanza tena, mpaka akamaliza.

"Sasa tubu. Sema ulichofanya. Sema yote."

Akasema. Alieleza nyavu, alieleza mtu wa Chiwanda, alieleza kidole. "Niliona anatoka majini. Nilimjua. Alikuwa ananisalimia, peke yake kijijini alikuwa ananisalimia. Nikajua yeye hawatamfanya kitu, ni mtoto wa katekista, watamwuliza tu, mimi nitapata nafasi ya kukimbia. Ndivyo nilivyojidanganya. Alikuwa anawaita kwa majina. Anasema, baba, ni mimi. Ni mimi, baba."

Ottilia alifunga kitabu.

"Aliwaita akina nani?"

Kinunda alifumba macho.

"Aliwaita akina nani, Kinunda? Nani alipiga? Niambie, nikubatize sasa hivi."

Rosina, aliyekuwa amesogea mkekani, aliacha kumfukuzia kaka yake inzi.

"Yule mzee wa gerezani alisema kila mtu atubu zake," Kinunda akasema. "Zangu nimesema. Za wenzangu sina ruhusa."

"Wenzako! Wamekufungisha peke yako, na unawaita wenzako?"

"Nitawaita nani?"

Ottilia alitaka kunyanyuka aondoke. Lakini miaka ishirini na miwili ya kufundisha ilikuwa imemkaa mwilini kama kazi ya mikono, na alijua kwamba mtu huyu amejibu kila alichopaswa kujibu. Hakuna mstari wa katekisimu uliosema wokovu unauzwa kwa majina. Akamwomba Rosina maji. Rosina akaleta kikombe cha bati, ameshika kwa mikono miwili. Ottilia alipiga magoti kando ya mkeka, akaweka kitambaa chini ya kichwa cha Kinunda. Kichwa kilikuwa chepesi kama boga kavu.

"Unataka uitwe jina gani?"

Kinunda alifungua macho. "Aidan," akasema.

Ottilia alidhani hakusikia vizuri.

"Aidan," akarudia. "Siwajui watakatifu wengine. Huyo ndiye niliyekuwa namwomba kila siku aniombee. Mungu akiniita kwa jina hilo sitaweza kusahau."

Ottilia alisimama. Aliyamwaga yale maji sakafuni, taratibu, yote, mbele ya macho ya Kinunda, na udongo ukayanywa.

"Mwenyewe ulishamchukua," akasema. "Sasa unataka na jina lake. Hulipati."

"Basi lolote," Kinunda akanong'ona. "Jina lolote, mama. Hata bila jina."

Rosina alimfuata nje, akapiga magoti njiani akamshika kitenge. "Nifanye nini mimi? Niambie nifanye nini!"

Swali lile lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa rahisi. Ottilia alilifundisha kila mwaka kwa watoto wa komunyo ya kwanza, nao walilijua kwa moyo: mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, yeyote anaweza kumbatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiyebatizwa, mradi amwagie maji na kusema maneno kwa nia ya Kanisa. Rosina hakulijua hilo kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuvuka kijito kumwambia. Alidhani ufunguo uko mkononi mwa katekista peke yake.

"Ngoja padri," Ottilia akasema, akajitoa mikononi mwake.

*

Kinunda alikufa siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa.

Habari ya maji yaliyomwagwa ilikuwa imeshatangulia kijijini, maana wanawake waliokuwa wanafua kijitoni walimsikia Rosina akilia na kusimulia. Asubuhi yake Hamphrey alikuja tena, safari hii na kuku mkononi.

"Umefanya vema, katekista. Kijiji chote kinakusifu." Aliuweka mzigo wake chini, akasitasita. "Alisema lolote, yule?"

"Nilimwuliza ni akina nani waliopiga."

Mkono wa Hamphrey uliganda kwenye kamba ya kuku.

"Alikataa kusema," Ottilia akasema.

Akaona mabega ya Hamphrey yanashuka. Yalishuka kidogo tu, kama ya mtu aliyetua ndoo. Lakini Ottilia alikuwa anamtazama, na akaona. Hamphrey aliaga kwa maneno mengi, akaondoka. Ottilia alimfungua kuku, akamwacha aende.

Halafu alivuka kijito mara ya pili. Hakukuta mwanamume hata mmoja wa kuosha maiti. Rosina alikuwa anamwosha kaka yake peke yake.

"Joto lilimzidi," Rosina akasema bila kugeuka, kana kwamba anazungumza na ukuta. "Nikawa nammwagia maji kichwani apoe. Akawa ananitazama tu. Nikasema moyoni, laiti ningekuwa mimi ndiye katekista."

Ottilia aliegemea mwimo wa mlango. Angeweza kunyamaza. Rosina asingejua, au angejua baada ya miaka, kwa bahati.

"Ungeweza," akasema.

"Ningeweza nini?"

"Kumbatiza. Si lazima katekista. Wakati wa hatari mtu yeyote anaweza. Ungemwagia maji yaleyale, ukasema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Basi."

Rosina aliacha kuosha. "Hata mimi? Sijabatizwa."

"Hata wewe."

"Na jana uliponiacha njiani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Ottilia alitarajia matusi, au kofi. Rosina aliloweka kitambaa, akakikamua.

"Shika huo mguu," akasema. "Siwezi kumgeuza peke yangu."

Walimgeuza, wakamwosha mgongo, wakamvika. Kaburi walilichimba wao wawili, kando ya nyumba, kwa sababu halmashauri ilikataa azikwe makaburi ya kigango. Walipomaliza, Rosina aliingia ndani akafunga mlango.

*

Padri Alphonce alifika baada ya siku kumi na saba, kwa pikipiki, suruali imejaa matope hadi magotini. Ottilia alimweleza yote nyuma ya kanisa. Hakujitetea kwa neno hata moja. Mwisho akauliza kile kilichokuwa kinamnyima usingizi.

"Amepotea, baba? Nimempoteza?"

"Nani, Kinunda?" Padri alikuwa mtu wa maneno machache, na uchovu ulimfanya yawe makavu zaidi. "Yule aliutaka ubatizo kwa moyo wote, akatubu, akafa anauomba. Kanisa linafundisha kwamba tamaa ya namna hiyo Mungu huipokea. Mungu hakufungwa na kikombe chako, Ottilia. Sina wasiwasi na Kinunda. Wasiwasi wangu ni wewe."

Ottilia alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ya kifo cha Aidan. Padri hakumbembeleza.

"Kufundisha watoto, pumzika kwanza. Nenda kwenye nyumba mlizoziruka. Kaseme ulichoficha."

"Rosina hanifungulii."

"Sema nje."

Akawa anakwenda kila Alhamisi. Alisimama uani, akasema kwa sauti yale aliyokuwa anawasomea wengine: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote, na kwamba hakuna aliyekatazwa. Mlango haukufunguliwa. Wiki ya tatu Rosina alimwaga maji machafu ya kuoshea samaki kupitia dirishani, yakampata miguuni. Wiki ya tano akatoka, akasimama kizingitini, amekunja mikono.

"Unakuja kwangu kwa sababu mimi ni rahisi," akasema. "Sina mtu. Wale waliomuua mwanao umewaendea?"

Rosina alirudi hatua moja ndani.

"Au wao hawahitaji kuokolewa?"

Akafunga mlango.

*

Hamphrey alikuwa barazani kwake anashona nyavu, sindano ya mti mkononi. Alipomwona Ottilia anaingia uani alitabasamu, kisha tabasamu likaisha lenyewe.

"Karibu, katekista. Habari za huko?"

"Nimekuja kwa habari ya Aidan."

"Nani amekuambia?"

Neno lilishamtoka. Ottilia alilisikia, na Hamphrey mwenyewe akalisikia. Ndani mkewe aliacha kutwanga.

"Hakuna aliyeniambia," Ottilia akasema. "Sikuja kukushtaki. Na sikuja kwa upendo, nisikudanganye, mzee Hamphrey. Ningeweza kukutazama unazama nisikunyooshee hata kafi. Nimekuja kwa sababu kuna jambo nilimnyima Kinunda, na sitaki kumnyima mtu mwingine tena. Ni hili: kwa Mungu bado kuko wazi. Hata kwako. Roho yangu inaumia kulisema, lakini ndivyo ilivyo, na nimetumwa kulisema."

Hamphrey alikusanya nyavu zake mapajani, akazikumbatia, akaingia ndani. Komeo likasikika. Mkewe alisema jambo kwa sauti ya chini, akanyamazishwa.

Ottilia alikaa kwenye ngazi ya baraza. Watu walipita njiani wakamsalimia, wakashangaa kumwona pale, wakaenda zao. Jua lilihama kutoka miguuni mwake likapanda hadi mapajani. Alikuwa na kiu. Hakujua anangoja nini, na sehemu ya moyo wake ilikuwa inaomba mlango ule usifunguliwe kabisa, ili aseme kwamba alijaribu.

Komeo likalegea. Hamphrey alisimama ndani, nusu uso ukiwa gizani, ile sauti yake nzuri imekauka.

"Nilimpiga mara mbili," akasema. "Ya kwanza aliniita baba. Ya pili alikuwa ameshaanguka. Sikuwa na sababu ya ile ya pili."

Ottilia alishika ukuta. Chini ziwani mtu alikuwa anaita wenzake waje kuvuta mtumbwi, na sauti ilifika pale wazi kabisa, kila neno. Hakumtazama Hamphrey.

"Keti," akasema. "Anza mwanzo. Sema yote."